Nzi Niliowanyoa

Chang'ombe, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Najua bahasha hii ukiishika utaigeuza pande zote mbili ukitafuta habari ya ugonjwa kabla hujaifungua, kwa hiyo nianze na hilo: siumwi, nakula, nalala, na Mama mdogo ananitunza kama alivyokuahidi. Ninyi je? Goti lako la kukanyagia cherehani limetulia? Neema ameacha kukohoa asubuhi? Alizeti za Babu zimeinamisha vichwa, au ndege wamewahi tena? Huku upepo ni uleule, vumbi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, lakini nimezoea.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Mama, wewe simu ukiipokea unaweka sauti kubwa, na pale barazani kwako wanasikiliza wateja, Neema, na yule muuza vitunguu ambaye huitikia salamu zangu kabla yako. Haya ninayotaka kuyasema siwezi kuyasema mbele ya muuza vitunguu. Unanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa jina darasani naangalia viatu vyangu kana kwamba limeandikwa huko. Karatasi hainitazami, ndiyo maana nimeichagua.

Jambo lenyewe ni kwamba sitakuja kwenye kipaimara cha Neema. Nimefanya kosa kazini, kosa kubwa, na nimeamua kulitengeneza kwa mikono yangu mpaka liishe. Naomba usome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Nilipokwambia kwamba nimepata kazi ya kutengeneza nzi, ulicheka mpaka nikaona haya nikakata simu. Sikukueleza vizuri. Karakana yetu iko Makole, nyuma ya nyumba ya Mama Zarina. Ni Mhindi, ndugu zake wana duka la vifaa vya ujenzi mjini, lakini kazi hii ya nzi aliianzisha marehemu baba yake na yeye akakataa kuifunga. Kuna meza moja ndefu chini ya madirisha, na tunakaa wanawake sita. Kila mmoja ana kibanio chake kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye ukingo wa meza. Unabana ndoano, ndogo kuliko kucha ya Neema, halafu unaizungushia uzi, manyoya ya sungura, ya kanga, ya shingo ya jogoo, mpaka ile ndoano inakuwa mdudu. Wanapelekwa Ulaya, kwa watu wanaovua kwenye mito ya baridi. Chambo hawatumii, ni huyo nzi wa bandia tu, wanamrusha juu ya maji kwa mshipi mrefu na samaki anadanganyika. Na wengi wao wakishampata samaki wanamrudisha majini. Nilipomweleza Mama mdogo hilo aliacha kuchambua mchicha, akaniuliza, "Sasa wanamvua ili wamsalimie?"

Sisi wenyewe hakuna aliyewahi kuwaona wakitumika. Hapa mto tunaoujua ni mchanga.

Kuna mambo ya majina, na hili ningependa Neema alisikie. Kila nzi ana jina lake la Kizungu lililoandikwa kwenye kadi, lakini mezani hatulitumii. Desturi ya pale ni kwamba nzi mpya akija, yule ambaye sampuli yake imekubaliwa kwanza ndiye anayempa jina la mezani, na likishatoka halibadilishwi, hata aliyelitoa akiacha kazi. Kuna mmoja ana mabawa meupe, kiuno chekundu, na nyuma anang'aa kijani kama tausi. Kwao anaitwa kwa jina la mwendesha gari la farasi wa mfalme. Nilipowatafsiria, Dada Pili, huyu ni dada wa Kondoa ambaye mdomo wake haupumziki, na ndiye sampuli yake ilikubaliwa kwanza, akasema basi kwetu ni Dereva wa Waziri, maana ndivyo wanavyong'ara wale madereva wa wizarani Mtumba wakiwa wameegemea magari wanamsubiri mkubwa. Yuko mwingine wa kijivu mwili mzima, anaitwa Karani. Yuko Paa la Nyasi. Ni mmoja tu aliyebaki na jina lake la kwao kama lilivyo, Sikio la Sungura, kwa sababu kweli manyoya yake yanatoka kwenye sikio na uso wa sungura. Mama Sechelela ndiye aliyemtengeneza kwanza, miaka hiyo, na akasema huyu hana haja ya jina jingine, kwao na kwetu sungura ni sungura.

Huyu Mama Sechelela ndiye ninayetaka umjue. Ni Mgogo wa upande wa Bahi, mjane, anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Baba yake Mama Zarina alimwajiri wa kwanza kabisa, na wote pale mezani amewafundisha yeye. Haongei sana. Siku yangu ya kwanza nilisimama mlangoni nimeshindwa kusema hodi, akaja akanishika mkono, akaniketisha karibu naye kama mzigo uliokuwa umechelewa kufika, basi. Toka siku hiyo nikawa naitwa mtoto wa fundi, maana nilimwambia unashona.

Mimi nilipewa kazi ya kufungasha, huku najifunza kufunga nzi taratibu. Kazi yangu nyingine ni kusoma barua za wateja, kwa sababu Kiingereza changu ni cha shule na cha Mama Zarina ni cha dukani, hivyo ndivyo asemavyo mwenyewe. Trei za kila mama zina kipande cha kitenge chake ili ijulikane kazi ni ya nani. Cha Mama Sechelela ni cha kijani.

Sasa sikiliza Mama. Ilikuja oda kubwa ya Sikio la Sungura, dazeni ishirini, akapewa yeye. Alipomaliza kuwafunga alipata msiba kwao, akaenda Bahi siku mbili, trei zake nikaachiwa mimi nifungashe. Ilikuwa Ijumaa mchana, Mama Zarina na Dada Pili wamekwenda kuswali, wengine wako uani wanakula. Nikawaangalia wale nzi, na Mama, walikuwa wachafu. Manyoya yamechomoza huku na huku, tumboni, ubavuni, kama mtu aliyelala na nywele mbichi. Nikasikia sauti yako kabisa: uzi unaoning'inia ni aibu ya fundi. Nikamwonea Mama Sechelela huruma. Nikasema moyoni, macho yake yamechoka, na kwa haraka ya msiba hakupata nafasi ya kumalizia. Ngoja nimsitiri.

Nikachukua mkasi mdogo nikaanza kupunguza. Mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu, kama unavyonifanya nikague mashati ya sare kabla hayajachukuliwa. Siku ile na kesho yake nikawamaliza wote. Walikaa nadhifu, laini, kama mbegu. Nikawapanga kwenye maboksi, na nakuambia kweli, nilijisikia nimekua. Sikumwambia mtu, kwa kuwa wema wa kutangaza si wema.

Mama, ule uchafu ndio kazi. Ukishamfunga Sikio la Sungura unachukua sindano, unamchomoa manyoya moja moja mpaka afanane na kitu chenye miguu kinachojikongoja majini. Hicho ndicho samaki anachokiona. Mama Sechelela hakuwa ameacha kumalizia. Alikuwa amemaliza vizuri kuliko mtu mwingine yeyote pale. Na jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba limeandikwa. Ukutani, juu ya kichwa changu, ipo karatasi ya kila nzi, na ya huyu inasema kwa Kiingereza cha wazi kwamba aachwe amechakaa, asipunguzwe. Wale mama hawahitaji kuisoma, mikono yao inajua. Mimi peke yangu niliyeweza kuisoma karatasi ile, ndiye niliyekata.

Barua ya mteja ilipokuja kwenye simu ya Mama Zarina niliitwa niisome mbele ya meza nzima, kama kawaida. Anasema mzigo umefika, ila hawa wamenyolewa, hawafai, anaomba watengenezwe upya la sivyo atatafuta karakana nyingine. Na ameambatanisha picha. Nilisoma huku nalielewa kila neno kabla sijalitamka. Nilipofika kwenye kunyolewa nikamalizia kwa kunong'ona. Wakadhani ni aibu yangu ya siku zote. Mama Zarina akauliza trei zilikuwa za kitenge gani. Dada Pili akasema za kijani, akainamia kibanio chake.

Mama Sechelela aliiomba simu akaitazama ile picha. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Hakubisha. Alisema tu, "Mimi nimekata hivi?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu, na niliiacha ipite. Niliangalia viatu.

Mama Zarina hakugomba. Labda angegomba ingekuwa afadhali. Alimwambia kwa upole kwamba amechoka, kwamba macho yana umri wake, ahamie kwenye kuosha na kuchambua manyoya kwanza, na mwisho wa mwezi waongee juu ya kupumzika nyumbani. Kibanio chake kikafunikwa kitambaa. Kwa siku tisa, Mama, nilikaa karibu na kile kitambaa. Kila asubuhi nilitoka nyumbani nimepanga maneno, na kila nikifika mlangoni yanatawanyika kama kuku. Nilijaribu kumwambia Dada Pili, nikaishia kumuuliza saa ngapi. Nilijaribu kuandika kikaratasi, nikakila. Kweli nilikila, maana Mama Zarina alitokea ghafla.

Siku ya tisa Mama Sechelela aliniomba nimsindikize hospitali kupima macho, nimsaidie na yale makaratasi. Tukakaa kwenye benchi, foleni ndefu, watu kila mmoja na bahasha yake. Alikuwa ameweka mikono mapajani anaitazama kama mikono ya mtu mwingine. Kisha akaniambia, taratibu, wala si kwa kulalamika:

"Mwanangu, mimi macho siyaogopi. Macho yana miwani. Lakini mtu akikata na asijue kama amekata, hapo si macho tena, ni kichwa. Mama yangu alianza hivyohivyo. Aliweka chumvi mara mbili, mwisho akasahau majina yetu."

Basi yakatoka. Sikuyapanga. Nikamwambia, "Mama, hukukata. Nilikata mimi."

Nilimweleza yote, Ijumaa ile, mkasi, huruma yangu, karatasi ya ukutani, siku tisa. Nililia, na benchi lote likajua, na kwa mara ya kwanza maishani sikujali nani ananitazama. Nilidhani atainuka aondoke. Akavuta pumzi, akashusha mabega, nikaona kumbe kwa siku tisa yalikuwa juu.

"Kwa hiyo kichwa changu kizima," akasema.

Nikamjibu kizima. Akasema ahsante Mungu. Halafu akanigeukia na uso ulikuwa mkali, sijawahi kuuona hivyo. "Umeniambia mimi hapa hospitali. Sasa kaseme mezani. Aibu niliipata pale, niondolewe palepale."

Nikataka twende muda huohuo kabla ujasiri haujaniisha. Akakataa. Alisema foleni ameshaipanga tangu asubuhi na hawezi kuwaachia watu nafasi yake bure. Akapimwa. Walimkuta anahitaji miwani ya kusomea tu, ya kawaida, kama yako.

Nilisema mezani siku iliyofuata, saa ya chai, wote wakiwepo. Nilishika ukingo wa meza. Sikuangalia viatu, nilikiangalia kile kitambaa. Nilisema, "Dazeni zote ishirini nilizinyoa mimi. Mama Sechelela hakugusa mkasi." Nikasema ninaomba niwatengeneze wote upya, mwenyewe, na kama Mama Zarina ataona nifukuzwe, basi anifukuze nikishamaliza.

Mama Zarina aliweka kikombe chini. Alisema kukata ni ujinga na ujinga unafundishika, lakini zile siku tisa hazikuwa ujinga. Akaondoa kitambaa kwenye kibanio kwa mkono wake, akamwomba Mama Sechelela radhi mbele yetu, naye akaitikia kwa kichwa, akaketi, akavaa miwani yake mipya na kuanza kukagua uzi kana kwamba alitoka uani tu. Ndipo Mama Zarina akaniambia mimi, "Utawafunga upya. Mkaguzi ni Sechelela. Akimkataa nzi, amekataliwa, usije kwangu kulia."

Tuliandika barua kwa mteja siku hiyohiyo. Mama Zarina anasema, mimi naandika kwa Kiingereza. Alisema niweke kosa ni letu. Nikamwomba niandike kosa ni langu. Akanijibu kwamba mteja hanijui mimi, anaijua meza. Hilo limenikaa moyoni kuliko kama angenichapa. Mteja amekubali kusubiri majuma matatu.

Alikuwa ameshawarudisha nzi wote, kwenye maboksi yao. Kwanza nawafungua, nakata uzi kwa wembe bila kukwaruza ndoano, nasafisha, halafu naanza upya. Mwanzoni Mama Sechelela alikuwa anakataa karibu kila ninachompa. Anakisukuma tu kwa ncha ya sindano kirudi upande wangu. Juzi nilimuuliza kosa liko wapi, akaniambia, "Bado unawapenda wasafi. Samaki hali kitu kilichochanwa nywele." Basi nafanya tena. Vidole vimepasuka kwenye ncha, usiogope, ni uzi tu, napaka mafuta ya alizeti yale uliyonipa. Jana alipokea sita mfululizo, yule wa saba akamsukuma, na nikajua kosa kabla hajanifikia.

Dada Pili ameniokoa kwa njia yake. Wiki nzima ananiita Kinyozi. Nikiingia anauliza kama leo nakata denge au napunguza pembeni. Amechukua mmoja wa wale nilionyoa akamchomeka kwenye kizibo cha chupa juu ya dirisha, na amemtangaza kuwa ni nzi mpya na jina lake la mezani ni Kinyozi. Nilimkumbusha kwamba jina halitoki mpaka sampuli ikubaliwe. Meza nzima ikacheka, na Mama, mimi ndiye niliyewachekesha. Mimi.

Walijitolea kunisaidia, kila mmoja achukue dazeni mbili tatu. Nimekataa. Mama Zarina pia alinipa ruhusa ya siku tatu nije kwenye kipaimara, nayo nimekataa, kwa hiyo ujue hakuna aliyenizuia. Nimepiga hesabu ya siku. Nikija huko, sitamaliza. Na nikiwaachia wengine wamalizie, nitakuwa tena nimekaa kimya huku mtu mwingine anabeba. Niliahidi kushona pindo la gauni la Neema kwa mkono, na kuvunja ahadi hiyo kunaniuma. Ukiweza, libane kwa pini, ulipige uzi wa muda tu, alivae hivyohivyo kanisani, na nikija nitalishona hata kama gauni limeshakuwa fupi. Mwambie sikumsahau. Mwambie dada yake anajifunza kusema jambo mapema, na somo hilo ni gumu kuliko katekisimu.

Na wewe usijilaumu kwa kunifundisha kukata nyuzi. Shati linataka hivyo. Sikujua tu kwamba si kila kitu ni shati.

Nisalimie Babu, na umwambie yule jogoo wake mwekundu nawaza shingo yake kila siku, akifa kifo cha kawaida au cha Krismasi, Babu anitunzie manyoya. Nisalimie mwalimu wangu wa Kiingereza, umwambie kazi yake inanisaidia ila nimejifunza kwamba lazima niinue kichwa nisome ukutani. Nisalimie mama mchungaji aliyeniombea safari. Muuza vitunguu naye mpe salamu zake kabisa, asione nimemsema bure. Mama mdogo anakusalimia, anasema unga wa mtama uliouleta umeisha na anauita mtamu kwa makusudi ili ulete mwingine.

Ndani ya bahasha, kwenye kile kipande cha kitenge cha kijani, yumo nzi mmoja. Ndoano nimeivunja ncha, haitamchoma mtu. Ni Sikio la Sungura, wa kwanza wangu ambaye Mama Sechelela hakumrudisha. Alimwangalia muda mrefu akiwa na miwani, akamwangalia tena akiwa ameivua, kisha akachana kitenge chake mwenyewe akamfunga humo, akasema mpelekee fundi.

Mtundike karibu na cherehani. Ataonekana mchafu, manyoya yamechomoza kila upande, na najua mkono wako utakwenda wenyewe kwenye mkasi. Mama, uzuie.

Mwanao anayekupenda, nikiwa bado nina dazeni kumi na moja,
Raheli